Mulongwe hubisha hodi kabla ya kuingia



Baada ya mkutano wa juma lililopita, wengi wenu mliniomba niweke katika kijarida chetu yale ninayoyaandika kuhusu mto Mulongwe. Nimekubali kwa furaha. Nimekubali pia kwa sababu siku ya tatu inayokuja tuna jambo la kuamua juu ya akiba yetu, na jambo hilo halitaeleweka vizuri kwa mtu asiyejua tabia ya mto huu unaopita katikati ya mji wetu wa Uvira.

Ninachoandikia ni kaye ya kawaida ya shule, yenye kamba ili isipotee. Kila asubuhi, ninaposhuka na ndoo, ninaangalia mambo manne: rangi ya maji, urefu wake kwenye lile jiwe kubwa tunalofulia nguo, sauti ya mto, na mawingu juu ya milima. Nikirudi nyumbani, kabla ya kuwasha makala, ninaandika mstari mmoja. "Maji meupe, chini ya jiwe, milima wazi." Siku nyingine: "Maji ya chai, nusu ya jiwe, ngurumo usiku." Mwaka mzima unaenea katika kurasa zisizofika ishirini.

Mwanzoni vijana wa avenyu walinicheka. "Koko, unaandikia mto barua?" Niliwajibu kwamba katika likelemba yetu tunaandika nani ametoa na nani bado, na hakuna anayecheka. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na uhai wa watoto wetu ni mali kubwa kuliko franga zote tunazokusanya siku ya posho.

Sasa niwasimulie mwaka wa mto, jinsi ulivyo katika kaye.

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, wakati wa kiangazi, Mulongwe ni mtoto mpole. Maji ni membamba, unaruka kutoka jiwe hadi jiwe na kikwembe chako hakilowi. Upepo wa kusini unapiga ziwani, nguo tunazotandaza juu ya mawe zinakauka upesi. Vijana wanachimba mchanga, wamama wanaketi chini ya vipande vya bashi wakivunja mawe kuwa changarawe ya kuuza kwa wajenzi. Huo ndio wakati ambapo mtu anayetafuta kiwanja huletwa kuonyeshwa sehemu tambarare kando ya mto. Anaambiwa: "Angalia, maji yako kule mbali." Ni kweli, siku hiyo yako mbali. Lakini mtu huyo ananunua kitanda cha mto wakati mwenyewe ametoka kidogo, na mwenye kitanda atarudi kulala.

Mwezi wa nane na wa tisa moshi unapanda milimani. Majani yanachomwa kwa ajili ya mashamba na malisho, na usiku tunaona mistari ya moto ikitembea juu yetu kama shanga nyekundu. Hayo pia ninayaandika. Mlima uliochomwa ni kama kichwa kilichonyolewa: maji hayana cha kuyashika. Mvua za kwanza zikikuta udongo mtupu, sehemu yake haiingii ardhini, inateremka mbio na kubeba udongo na majivu. Ndiyo maana mvua za mwezi wa tisa na wa kumi, hata zikiwa ndogo, huchafua mto kuliko mvua ndefu zinazokuja baadaye wakati majani yameota tena.

Kisha mvua zinazoea. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, mto unapanda jioni na kushuka asubuhi, unapanda na kushuka, mpaka mtu anaacha kuangalia. Mara nyingi mwezi wa kwanza au wa pili mvua inapumzika kidogo, jua linarudi, na unasikia watu sokoni wakisema: "Mwaka huu tumepona."

Hapo ndipo ninapoomba mnisikilize. Kaye yangu inaonyesha kwamba siku mbaya zaidi ziko mbele, katika mwezi wa tatu, wa nne na mwanzo wa wa tano. Wakati huo ardhi ya milimani imekunywa maji miezi mingi. Imeshiba. Chukua kikwembe kilicholowa kabisa, ukimwagie kikombe kimoja cha maji: kikombe chote kitadondoka chini. Mlima katika mwezi wa nne ni kikwembe hicho. Mvua ambayo mwezi wa kumi ingemezwa na udongo, mwezi wa nne inakuja yote kwetu.

Tena inakuja haraka. Mto wetu ni mfupi na njia yake ni mteremko mkali. Milima iliyo nyuma yetu inapanda kupita mita 2000 juu ya bahari, na ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Kati ya mlima na ziwa kuna kipande chembamba cha ardhi, na juu ya kipande hicho tumejenga mji. Ardhi hiyo yenyewe imeletwa na mito. Mulongwe, Kavimvira na mito mingine midogo imekuwa ikimwaga mawe na mchanga hapa tangu zamani za mababu, ikihama kulia, ikihama kushoto. Kwa hiyo tukisema "mto umetoka katika njia yake", tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya tambarare hii ilikuwa njia yake.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau: mvua inayotuua si lazima inyeshe juu ya paa zetu. Unaweza kuwa umelala Kimanga, nje nyota zinaonekana, na huko juu mawingu yamefunguka saa tatu nzima. Maji yatakufikia ukiwa usingizini. Tukumbuke pia kule Kalehe, kando ya ziwa Kivu, tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023. Mito ya milimani iliteremka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa. Miongoni mwao walikuwemo wamama, kama sisi.

Sisi wenyewe tunaukumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020. Ilikuwa wakati wa korona, makanisa na shule zimefungwa, watu wote wako nyumbani. Mulongwe ulitoka na mawe makubwa kama meza. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka, makumi ya maelfu ya watu walibaki bila makao. Mitambo ya kusafisha maji ya mji, ambayo huchota katika mto huo huo, iliharibika, na bomba zikakauka siku ambazo tulihitaji maji safi kuliko siku zote.

Sitaeleza yote niliyoyaona asubuhi ile. Nitasema moja tu. Shangazi yangu, ambaye kwake kulibaki ukuta mmoja, aliketi juu ya tope akiwa ameshika sufuria. Watu walimuuliza kama hakusikia kitu usiku. Akasema: "Nilisikia. Nilisikia mawe yakigongana muda mrefu. Nikasema ni mto tu, mto huwa unapiga kelele." Maneno hayo hayajanitoka. Hodi ilibishwa, tena kwa nguvu. Lakini katika kartie yetu hakukuwa na makubaliano kwamba sauti ile maana yake ni "toka nje".

Ziwa nalo lina sehemu yake katika habari hii. Tanganyika hupanda kila mwaka, kuanzia karibu na mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa tano, kisha hushuka wakati wa kiangazi. Katika mwaka wa kawaida tofauti ni karibu sentimita 80. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, unaopeleka maji Lualaba. Sehemu kubwa ya maji yake haitoki hata kwa mlango huo, inapanda juu kwa nguvu ya jua na upepo. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa linajaa na halina haraka ya kushuka. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umeziba kwa mchanga na majani, ziwa likapanda mpaka mwaka 1878 lilipovunja kizuizi hicho. Na sisi tumeona kwa macho yetu mwaka 2024, maji yalipofika mahali ambapo hayakuwa yamefika tangu miaka ya 1960, yakaingia nyumba za Kalundu na Kavimvira, na ng'ambo kule Bujumbura, na Kalemie vilevile.

Ziwa likiwa juu, mto unaofika unakuta mlango umejaa watu. Unapunguza mwendo, na unapopunguza mwendo unaweka chini mizigo yake, yaani mchanga na mawe. Sakafu ya mto inapanda. Mwaka unaofuata, maji yale yale ambayo zamani yangepita chini ya ukingo sasa yanapita juu yake. Mtu anayesema "nimeishi hapa miaka kumi na maji hayajawahi kufika" anasema kweli. Lakini mto wa mwaka wa kumi haupiti katika shimo lile la mwaka wa kwanza.

Sasa kuhusu hodi yenyewe. Baada ya misimu kadhaa ya kuandika, na baada ya kuuliza wamama wazee na vijana wanaochimba mchanga, nimeona alama nne. Tafadhali zisomeeni watoto nyumbani, hata wale wasiojua kusoma wazishike kwa kichwa.

Ya kwanza, rangi inabadilika na hapa kwetu hakuna mvua. Maji meupe yakigeuka kuwa ya chai, kisha ya kahawia mazito kwa muda mfupi, huko juu kuna jambo.

Ya pili, vitu vinavyobebwa. Majani makavu na chupa ni uchafu wa kawaida. Lakini ukiona majani mabichi, migomba, mizizi yenye udongo bado, ujue ukingo umebomoka huko juu.

Ya tatu, sauti. Maji peke yake yanavuma. Mawe yakianza kutembea chini ya maji yanagonga, unaisikia hata katika miguu ukisimama ukingoni. Sauti hiyo ikianza, hakuna kurudi kuchukua godoro.

Ya nne ndiyo ya hatari zaidi, na ndiyo inayodanganya. Mvua inaendelea milimani lakini mto unapungua ghafla. Watoto wanafurahi, wanaingia kuokota vitu. Wamama, mto unaopungua wakati wa mvua huenda umezuiwa mahali fulani na udongo na miti iliyoanguka. Kizuizi hicho kikivunjika, maji yanakuja yote kwa mara moja. Siku hiyo waiteni watoto na mpande mbali na mto, upande, msikimbie kufuata mto kuelekea ziwani.

Si kila mara mto utabisha hodi, na si kila mara hodi itafuatwa na mgeni. Mwaka jana, mwezi wa nne, kaye ilikuwa imeandika siku tatu mfululizo maji ya chai, jiwe limefunikwa, milima giza. Tulimwambia shefu wa avenyu, tukapiga filimbi, na familia zilizo karibu na mto zikaenda kulala katika jengo la kanisa. Usiku wa kwanza hakuna kitu. Usiku wa pili hakuna kitu. Watu walinung'unika, watoto walikohoa kwa baridi ya sementi, mwanaume mmoja aliuliza kwa sauti kama sisi wamama tumekuwa manabii. Usiku wa tatu familia mbili zilikataa kuja. Saa nane ya usiku maji yaliingia. Yalibeba jikoni mbili, kuku, na magunia mawili ya makala. Familia zile mbili zilitoka zikipita katika maji ya magotini, baba amebeba bibi mgongoni, na Mungu aliwasaidia. Maji ya magotini yakiwa na nguvu ya mlima yanaweza kumwangusha mtu mzima, msiyadharau.

Tangu hapo sinung'unikii usiku wa bure. Usiku mbili za kulala juu ya sementi ndiyo bei ya ule wa tatu. Tunalipia kufuli hata mwaka ambao mwizi hakuja.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani siku ya mafuriko, linakuja baada yake. Maji ya juu yakipita, vyoo vimefurika, visima vimechafuka, na mara nyingi bomba zimekauka. Tunarudi mtoni na bidoni, kwa sababu mtoto hawezi kungoja. Uvira inajulikana sana kwa kolera. Wachunguzi waliofuata hesabu za mji wetu kati ya mwaka 2009 na 2014 waliona kwamba bomba zikikosa maji, wagonjwa wanaofikishwa hospitali na dalili za kolera wanaongezeka katika siku 12 zinazofuata. Kwa hiyo kila nyumba, kabla ya mwezi wa tatu, iwe na bidoni mbili za maji safi zilizofungwa vizuri, na makala ya kuchemshia yaliyowekwa mahali pa juu. Mtoto akianza kuhara maji kama ya mchele, msingoje asubuhi. Mpeni maji ya sukari na chumvi yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa litre moja, mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Sasa nifike kwenye jambo la siku ya tatu.

Katika kundi letu kuna familia tatu zinazoishi ndani kabisa ya njia ya mto. Sitazitaja, mnazijua. Mmoja wao ni mama wa mapacha, anauza ndagala sokoni, mume wake yuko kwenye machimbo ya dhahabu Misisi na pesa zake zinakuja leo, kesho hazionekani. Nilienda kwake na kaye yangu mkononi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti kimoja alicho nacho, akaketi kwenye bidoni.

Nilimwambia: "Binti yangu, mwezi wa tatu unakuja. Jiwe la kufulia liko juu ya mlango wako. Likifunikwa, wewe umefunikwa tayari."

Akanijibu: "Koko, unadhani mimi sioni? Ninalala mguu mmoja uko chini, nausikiliza mto. Lakini chumba hiki ndicho ninachoweza kulipa. Nimeuliza kule juu, mbali na mto. Bei ya mwezi ningejitahidi. Tatizo ni garanti. Wanataka miezi mitatu kwa mara moja. Nitaitoa wapi, katika ndagala?"

Sikuwa na neno. Watu husema wanaojenga kando ya mto ni wajinga au wana vichwa vigumu. Mama yule si mjinga, anaujua mto kuniliko mimi, maana anaupumua usiku. Kinachomshika pale ni miezi mitatu ya garanti. Wengine pale ni watu waliokimbia vita milimani, wakashuka na watoto, wakapata tu mahali ambapo wenyeji hawapataki.

Ndiyo sababu nimependekeza kwamba akiba ya kundi iwakopeshe familia hizi tatu garanti kabla ya mwezi wa tatu, nao warudishe kidogo kidogo. Nimesikia wanaopinga, na maneno yao yana uzito, kwa hiyo niyajibu kwa heshima.

Wengine wanasema akiba ni ya biashara na ya wagonjwa. Ni kweli, ndivyo tulivyokubaliana. Lakini mnakumbuka mwaka 2020 tulitoa kiasi gani kwa sanda, kwa mabati, kwa chakula cha matanga? Tulitoa kila kitu, na tulitoa tukilia. Garanti ni pesa inayolala. Mpangaji akihama salama inarudi. Pesa ya sanda hairudi.

Wengine wanasema: tukisaidia watatu, kesho watakuja kumi. Basi tuweke kanuni. Awe mwanachama, awe analipa likelemba, na awe anaishi chini ya alama ya maji ya mwaka jana. Alama hiyo tumeipaka rangi kwenye ukuta wa daraja na kwenye nyumba nne, kila mtu anaweza kwenda kuiona. Hapo hakuna upendeleo, ni rangi inayoamua.

Wengine, na hawa ndio wenye swali gumu, wanasema: wakitoka hawa, mwenye nyumba ataingiza wengine katika vyumba vile vile. Tutakuwa tumemuokoa mama mmoja na kumweka mwingine. Hilo sina jibu lake kamili. Tunaweza kuongea na mwenye nyumba pamoja na shefu wa avenyu. Tunaweza kufanya salongo na kupanda mianzi na matete ukingoni, ili mahali pale paonekane ni pa mto na si pa kupangisha. Yote hayo yatachukua muda, na huenda asikubali. Lakini mtu akiwa ndani ya maji, humwambii angoje mpaka mmalize kujenga daraja. Unamshika mkono.

Najua pia kwamba kuna mambo yaliyo makubwa kuliko kundi letu. Kurudisha miti milimani, kuimarisha kingo kwa vizimba vya waya vilivyojaa mawe, kutoa mawe na mchanga uliojaa katika mto, kukataza viwanja katika njia yake: hiyo ni kazi ya serikali, na tusichoke kuiomba. Lakini mwezi wa tatu hautangoja majibu ya barua.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, yote madogo.

Kwanza, mama mmoja anayeishi juu, kule mto unapotoka mlimani, aanze kaye ya pili. Akiona maji yamebadilika, apige simu chini. Dakika atakazotupatia zinatosha kuwaamsha watoto na kuwatoa.

Pili, tukubaliane filimbi. Mara moja ndefu: angalieni. Mara tatu fupi: tokeni. Tufundishe watoto kama wimbo, na tuijaribu mchana wa siku ya posho, watu wote wakiwepo. Kila nyumba iwe na mfuko mmoja tayari mlangoni: karatasi za watoto katika plastiki, dawa, taa, kikwembe cha kubebea mtoto.

Tatu, siku ya tatu mje kupiga kura juu ya garanti. Mkutano ni saa nane ya mchana, mahali petu pa kawaida. Aliye na deni la likelemba aje vilevile, hakuna atakayemuuliza siku hiyo. Anayepinga aje aseme, maana uamuzi wa watu waliosikilizana hauvunjiki upesi.

Mama wa mapacha amesema atakuja. Atakuwa ameketi nyuma, anaona haya. Atakayefika mapema amwekee nafasi mbele.